Tunaofundisha watoto sanaa Dodoma: tutaendelea kila mtu kivyake mpaka lini?

Mchora Vumbi (mleta uzi)

Wakuu, mbukwenyi.

Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Nawaandikia wote mnaofundisha watoto ngoma, kuchora, maigizo, kwaya, kaswida, ufinyanzi, hadithi, hapa mjini na wilayani. Uwe mwalimu wa shule, uwe msanii wa mtaani unayekusanya watoto chini ya mwembe, uzi huu ni wako.

Nina miaka 6 nafundisha watoto kuchora na kuigiza kila Jumamosi, Chang'ombe. Tunaanza saa 3 asubuhi, tunamaliza baada ya uji. Siku ya kawaida wanakuja 20, likizo wanafika 50. Kuchora nimejifunza, kuigiza nimejifunza. Ila miaka yote hiyo, ukiacha nusu saa moja nitakayowasimulia, sijawahi kukaa na mtu anayefanya kazi kama yangu tukaongea habari ya kazi yenyewe. Siongelei pesa, siongelei maonyesho. Naongelea watoto.

Niwape tukio moja. Mwaka jana niliwaambia watoto waigize "jioni nyumbani kwetu". Kundi moja likaigiza mama anapika, mtoto anasoma, baba anarudi. Yule aliyecheza mtoto, binti wa miaka 9, aliposikia "baba" anabisha hodi akaingia chini ya meza. Wenzake wakacheka, wakadhani anaongeza utamu. Igizo likaisha, watoto wakapiga makofi, yeye hakutoka. Nilichungulia, nikamkuta amejikunja, kidole gumba mdomoni, macho kwenye mlango.

Unajua nilifanya nini? Nilisema, "Haya, uji tayari." Basi. Nikagawa vikombe, mikono inatetemeka. Akatoka mwenyewe baadaye, akanywa, akaenda kwao. Nilikaa na jambo hilo wiki 3 bila kumwambia mtu. Sikujua nimwulize au nisimwulize, niende kwao au nisiende, na kama ningekosea ningemponza yeye. Wiki 3 ni muda mrefu sana kwa mtoto.

Hatimaye nilienda kwa mwenyekiti wa mtaa, akanipeleka kwa afisa ustawi wa jamii, na hatua zikachukuliwa. Yaliyofuata ni ya mtoto, siyasemi hapa. Ninachosema ni kwamba kama ningekuwa na mwenzangu mmoja wa kumpigia simu mchana ule ule, zile wiki 3 zingekuwa saa 3.

La pili ni dogo lakini linanirudia. Mwezi wa nane mtoto alichora nyumba yao na anga la kahawia. Nikamwambia, "Anga ni bluu, mama, rekebisha." Siku hiyo dada mmoja anayefundisha ngoma alikuwa amepita kuazima viti, amekaa nyuma. Watoto walipotoka akaniuliza taratibu, "Umetazama nje?" Nikatazama. Upepo wa Agosti mnaujua, vumbi limefunga kutoka Makole hadi mlimani, anga lote rangi ya chai ya maziwa. Mtoto alikuwa amechora alichokiona. Mimi nilikuwa nafundisha anga la kwenye kitabu.

Dada yule alikaa nusu saa, akanifundisha kitu ambacho sikukipata kwenye semina yoyote. Na nimehudhuria semina. Zile za siku 3 hotelini: bango, chai na sambusa, kalamu na daftari, siku ya mwisho vyeti na picha ya pamoja. Mwezi ukiisha kila mtu amerudi kwake, namba za simu zimebaki kwenye karatasi ya mahudhurio.

Pendekezo langu: tuwe na siku moja kwa mwezi. Mmoja wetu anafundisha watoto wake kama kawaida, wengine tunakaa nyuma tunatazama, halafu watoto wakiondoka tunaongea kwa saa moja. Mwezi unaofuata tunaenda kwa mwingine.

Naomba mawazo yenu. Nawasilisha.

Ticha wa Nkuhungu

Mkuu, nimesoma hadi mwisho na pale kwenye meza nimesimama kidogo. Pole. Na hongera kwa kwenda kwa mwenyekiti.

Mimi nipo upande wa pili wa ukuta. Ni mwalimu wa shule ya msingi, nimesomea Hisabati. Mtaala mpya ulipoanza kutumika 2024 nikapangiwa Sanaa na Michezo darasa la tatu. Somo zuri, nalipenda, na kitabu ninacho. Darasa lina watoto 104. Siku ya mada ya ufinyanzi nilichota udongo wa bustanini, nikaweka maji, watoto wakafinyanga vyungu. Kesho yake vyote vimepasuka. Mtoto mmoja ameshika vipande viwili vya chungu chake ananiuliza, "Mwalimu, nimekosea wapi?" Sikuwa na jibu. Baadaye sana mama mmoja mfinyanzi sokoni ndiye aliyeniambia kwamba udongo unachaguliwa, unaloanishwa, unakandwa mpaka hewa itoke, na chungu kinakaushwa kivulini pole pole, hakianikwi juani. Mambo ya dakika 10 kuyasema, na mimi nilikuwa nimeshafundisha muhula mzima.

Kwa hiyo niko tayari. Njoo darasani kwangu unionyeshe mkono wa msanii, mimi nitakuonyesha namna ya kugawa watoto 104 wasikanyagane. Hilo wasanii wengi hamliwezi, niseme ukweli. Msanii mmoja aliwahi kuja kutusaidia, fundi kweli kweli, baada ya dakika 15 alikuwa anapiga kelele na watoto 30 wako nje.

Angalizo: mtu wa nje haingii darasani bila mwalimu mkuu kujua na kukubali, na ni haki iwe hivyo. Tukipanga, tupitie hapo kwanza. Na sisi walimu tuna MEWAKA, mafunzo endelevu kazini, tunakutana kama jumuiya ya kujifunza palepale shuleni. Hiyo ni njia ambayo tayari ipo. Kipindi kimoja cha mkutano huo kikipewa sanaa, mfinyanzi akaalikwa, hatuhitaji hoteli wala bango.

Mama wa Ilazo

Naongea kama mzazi. Wanangu wawili wanaenda kwa mwalimu wa kuchora Jumamosi, namlipa, na wamebadilika. Mdogo alikuwa hasemi mbele ya watu.

Ila kabla sijawapeleka nilihangaika. Nitajuaje huyu mtu ni salama? Hakuna mahali pa kuuliza. Nilikwenda nikakaa nje ya dirisha mara mbili kama mlinzi. Mkiwa na umoja wenu, kwetu wazazi faida ya kwanza ni hiyo: kwamba kuna wenzake wanaomjua na wameshaona anavyofundisha. Mlango uwe wazi, asikae na mtoto peke yake, picha za watoto zisipostiwe bila mzazi kuulizwa. Andikeni hayo kabla ya mambo ya rangi na karatasi.

Mjukuu wa Chamwino

Mleta uzi umegusa penyewe.

Sisi Wagogo mtoto hakupelekwa kwa mwalimu wa ngoma. Muheme nimeuona kwa bibi yangu, wanawake wamesimama, ngoma imebanwa katikati ya magoti, mikono inashuka. Binti mdogo anakaa pembeni na kopo la mafuta, analipiga anavyosikia. Akikosea hakuna anayemsema. Mama aliye karibu naye anaongeza nguvu kidogo kwenye pigo lake ili mtoto alisikie. Hivyo tu. Zeze na ilimba, ile marimba ya vidole, vilevile, mtoto anakaa miguuni pa baba au mjomba. Mzee Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, dunia nzima ilimjua kwa ilimba na zeze, na alitoka huku huku kwetu kabla ya kwenda Dar es Salaam na Bagamoyo.

Kwa hiyo mwalimu hakuwa peke yake. Walimu walikuwa kumi wakati mmoja, wote wanapiga, na kila mmoja anamsikia mwenzake. Mwanamke akichoka anampa mwingine ngoma.

Sasa tazama mji ulivyokua. Serikali ilipohamia Dodoma kuanzia 2016, nyumba zimejaa Nzuguni, Kisasa, Ilazo, watu kutoka kila mkoa. Ni jambo jema. Lakini mtoto wa Ilazo nyanyake yuko Bukoba, jirani yake katoka Mtwara, na anayemfundisha muheme ni kijana mmoja aliyekodi ukumbi kwa saa mbili. Kazi ya watu kumi anaifanya mmoja. Ndiyo maana tunachoka tukaacha. Mimi mwenyewe niliacha 2022, nikarudi baadaye kwa sababu watoto walinifuata nyumbani.

Huwa napasha ngozi za ngoma kwenye moto wa mabua kabla ya kuanza, watoto wanazunguka moto wanasubiri sauti ipande. Ni dakika 20 za kimya na maswali, na ndizo ninazozipenda kuliko kucheza kwenyewe. Karibuni mje mtazame hizo.

Bi Ustawi

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii miaka mingi, sasa nimestaafu. Naomba nitumie nafasi hii kwa lile la meza, maana najua wapo wengine humu wamekaa na jambo kama hilo leo.

Mwanangu Mchora Vumbi, ulipotetemeka hukukosea. Wote tunatetemeka. Sasa shikeni haya.

Mtoto akionyesha au akisema jambo, usimhoji. Wewe si polisi, na maswali yako yanaweza kumfunga mdomo au kumpa maneno ambayo si yake. Msikilize, mwambie amefanya vizuri kusema, mwambie si kosa lake. Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, kwa sababu itabidi useme, na atakuona mwongo wa pili maishani mwake. Akishaondoka, andika siku hiyo hiyo alichosema kwa maneno yake, tarehe na saa. Usiende kwao kuuliza, hasa kama hujui hatari imekaa wapi.

Halafu toa taarifa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa pale anapojua haki ya mtoto inavunjwa. Nenda kwa mtendaji au afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Simu ya msaada kwa mtoto ni 116, ni bure, na hata wewe mwalimu unaweza kupiga ukauliza tu ufanye nini.

Na baada ya hapo mtafute mtu wa kuongea naye wewe mwenyewe. Hili watu wanaliruka. Sisi ofisini tulikuwa tunakaa jioni, mmoja anasema, wengine wanasikiliza, bila kutaja jina la mtoto. Bila kikao kile nisingefika kustaafu. Walimu wa sanaa mnaona mambo ambayo mwalimu wa hesabu hayaoni, kwa sababu kwenye mchoro na igizo mtoto anatoa vya ndani. Na hamna kikao.

Nikialikwa nitakuja, sihitaji posho.

Mchora Vumbi

Mama, shikamoo. Nimeyanakili yote kwenye daftari la darasa, ukurasa wa kwanza. Hapo kwenye "usimwahidi" nimeshtuka, maana mimi ningeahidi.

Kolo Miambani

Niko Kondoa. Napongeza wazo lakini nasema mapema: msije mkaifanya ya mjini peke yake. Mimi kuja Dodoma ni zaidi ya kilomita 150. Lami imesaidia, ila nauli ya kwenda na kurudi ni karatasi na rangi za mwezi mzima kwa watoto wangu.

Nina cheti cha sanaa. Chuo nilichosoma kilinifanya mchezaji mzuri, nashukuru. Lakini namna ya kusimama mbele ya mtoto wa miaka 5 niligusiwa siku chache tu, na aliyetugusia alikuwa anasoma kwenye karatasi. Nilijifunza kwa kuumia. Mwaka wa kwanza niliwapanga watoto mistari kama jeshi, nikawa nahesabu "moja mbili tatu nne", na watoto walicheza sawa sawa kabisa na nyuso zimekufa.

Kilichonibadilisha ni kuwapeleka kwenye michoro ya Kolo, ile iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wamekaa chini ya mwamba wanatazama watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu. Mtoto akauliza, "Aliyewafundisha hawa nani?" Tukarudi, tukasaga udongo mwekundu tukachanganya na maji, wakachora kwa vidole na vijiti vilivyotafunwa ncha. Sikusema neno kwa nusu saa. Ndiyo siku yangu ya kwanza ya ualimu.

Mkiwa na mkutano mmoja kwa mwaka huku kwetu, nawapokea. Malazi yapo, chakula kipo.

Mtu wa Kikuyu

Samahani nitapunguza moto kidogo, kwa nia njema. Miaka iliyopita tulikuwa na kikundi kama hiki. Tulianza watu 14 wenye mioyo. Mwezi wa tatu mtu akasema tusajili. Tukaandika katiba, tukachagua mwenyekiti, katibu, mhazini. Kuanzia hapo kila mkutano ni mihuri, akaunti ya benki na nani anasaini. Kuna mahali tuliahidiwa fedha, hazikuja, tukashukiana. Mwaka haukuisha. Mpaka leo kuna watu wawili hawasalimiani, na wote wawili ni walimu wazuri sana wa watoto.

Sisemi usajili ni mbaya. Msanii anajua BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ipo kwa ajili hiyo, na bila usajili hata ile mikopo ya halmashauri ya vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu huigusi. Nasema tu, pesa ikitangulia kazi, kazi haiji tena.

Ticha wa Nkuhungu

Mkuu wa Kikuyu, asante kwa kusema hilo wazi. Basi tusiwe na katiba mwaka wa kwanza. Siku moja, mahali pamoja, kutazama na kuongea.

Mjukuu wa Chamwino

Nakubali kutokuwa na katiba, sikubali kutokuwa na mtu. Kwenye wimbo wetu sauti ni nyingi, kila mmoja na yake, lakini lazima awepo anayeanzisha. Akikaa kimya, watu wote mnabaki mmeshika ngoma mnatazamana. Mwenye kuanzisha si mkubwa wa wengine, na kesho anaanzisha mwingine. Atakayetupokea mwezi huo ndiye anayetuma ujumbe, ndiye anayesema tukutane saa ngapi, na ndiye anayemtafuta aliyekosekana kujua kama anaumwa.

Fundi Zeze Bahi

Nasoma tu siku zote humu, leo naandika. Natengeneza mazeze na kufundisha watoto 8, wawili hawaoni. Wale wawili ndio wanaonisumbua, maana vingine vyote ninavyovijua kufundisha ni "nitazame mimi". Nimebuni: nashika kidole chake nakiweka juu ya changu, nacheza, yeye anafuata juu. Sijui kama ndivyo inavyotakiwa. Buigiri kuna shule ya wasioona, wapo walimu wanaolijua hili kwa miaka. Kuna mtu humu anaweza kunikutanisha nao?

Ticha wa Nkuhungu

Fundi, mwenzangu niliyesoma naye chuo anafundisha watoto wasioona. Nitamuuliza kesho asubuhi, nikufuate faragha.

Mama wa Ilazo

Mniruhusu niseme, huyo wa kidole juu ya kidole, ningempelekea wanangu leo.

Mchora Vumbi

Wakuu, nimesoma yote mara mbili. Tuanze.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, darasani kwangu Chang'ombe, saa 3. Mtakaa nyuma, watoto nitawaambia mapema kwamba wageni wanakuja kumtazama mwalimu, hawawatazami wao. Wazazi nitawaomba ruhusa wiki hii, mmoja mmoja. Hakuna picha. Uji upo, kila mtu aje na kikombe chake maana vyangu ni 30. Saa 6 watoto wakiondoka tunakaa. Bi Ustawi atatuongoza nusu saa ya kwanza, halafu mnanieleza mlichoniona nafanya. Kweli tupu, nimejiandaa.

Mwezi wa pili kwa Ticha, akishazungumza na mwalimu mkuu wake. Wa tatu Chamwino, kwenye moto wa mabua. Kolo, wa nne tunakuja huko, tutachangiana nauli ya gari moja.

Jambo moja nimeshalifanya jana. Nilimtafuta yule mtoto wa anga la kahawia, nikamwambia alikuwa sahihi. Ameniangalia kwa muda, akasema, "Nilishaipaka bluu juu yake." Nikampa karatasi nyingine.

Fundi Zeze Bahi

Nakuja. Basi la Bahi la asubuhi nitaliwahi. Nije na mazeze mangapi?

Mchora Vumbi

Mawili, fundi. Moja la kwako, moja la mtoto.